Uliza Ujibiwe: Vitabu vya Kifaransa vya Ngozi, Vumbi Jekundu na Miaka ya Herufi

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi kutoka Nakuru na Kisumu, chache za Kakamega na Bungoma, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: vile vitabu vya zamani vya Kifaransa vyenye kava la ngozi. Sijashangaa. Nyumba za walowezi huku Bonde la Ufa zimeuzwa na vitu vyake ndani tangu miaka ya sitini, mapadre na walimu wa kigeni nao walikuwa wakihamishwa wanaacha masanduku, kwa hivyo hizi vitabu zipo, ziko kwa stoo na juu ya makabati, tatizo ni kwamba aliyezirithi hajui ameshika nini. Nimechagua maswali ambayo yanarudi rudi.

Habari yako mhariri. Mimi niko Njoro. Babu alifanya kazi kwa mzungu na huyo mzungu akienda zake alimwachia sanduku, ndani kuna vitabu vinne vidogo vya ngozi ya kahawia yenye madoadoa, mgongoni kuna vifundo na maua ya dhahabu na namba 1, 2, 3 na 5. Ni Kifaransa, nadhani ni mahubiri. Mwaka hakuna, kuna herufi tu M. DCC. LXII. na maneno Avec approbation et privilège du Roi. Jamaa mmoja ananiambia nimekalia mamilioni. Ni kweli? (Mjukuu, Njoro)

Mjukuu, mwaka uko hapo hapo, ni hizo herufi. M ni 1000, D ni 500, C mbili ni 200, L ni 50, X ni 10 na I mbili ni 2. Jumlisha unapata 1762. Kitabu chako kilichapwa Louis wa 15 akiwa mfalme, miaka 27 kabla ya mapinduzi ya Ufaransa, na ndio maana kuna hayo maneno ya privilège du Roi, yaani mfalme amempa mchapishaji ruhusa ya kukichapa na kukiuza yeye peke yake kwa muda fulani, na approbation ni kwamba mkaguzi wa serikali alikisoma akaona hakina neno baya. Pekua kurasa za mwanzo kabisa au za mwisho, mara nyingi ile ruhusa yenyewe imechapwa hapo nzima na ina tarehe. Kingekuwa cha baada ya mapinduzi ungeweza kukuta An VII au An IX badala ya mwaka wa kawaida, walianzisha kalenda yao ambayo hesabu yake inaanzia tarehe 22 Septemba 1792 na wakaitumia hadi mwisho wa 1805, kwa hivyo An VII ni 1798 kuingia 1799.

Mamilioni hakuna, na nakuambia mapema kabla huyo jamaa hajakuletea dalali. Mahubiri na vitabu vya ibada vilichapwa kwa wingi sana Ufaransa karne ile, maparoko walikuwa navyo, nyumba za watawa zilikuwa navyo, na watu hawakuvitupa, kwa hivyo hadi leo viko vingi kuliko wanaovitafuta. Halafu wewe una cha 1, 2, 3 na 5, cha nne kimepotea, na seti ikishapungukiwa na kitabu kimoja bei inaanguka vibaya. Pale Paris kando ya mto Seine, kwa wale wauzaji wa masanduku ya kijani, kitabu kimoja cha karne ya 18 kilichopotezana na wenzake unaweza kukipata kwa euro 20 au 30, hizo ni kama elfu tatu, nne hivi za kwetu. Ukisikia mtu anataja milioni kwa mahubiri yasiyotimia, muulize yeye atanunua kwa ngapi.

Lakini usiviache vioze ati kwa sababu bei ni ndogo. Chukua kimoja ukae nacho kwa dirisha. Vile umekieleza, hiyo ni ngozi ya ndama na ndio ilikuwa kava ya kawaida kabisa ya Ufaransa wakati ule. Yale madoadoa hayakupakwa rangi, fundi alinyunyizia dawa kali juu ya ngozi ikaungua kidogo kidogo ikabaki na mawimbi. Pitisha kidole taratibu juu ya zile sehemu nyeusi, utasikia vishimo vidogo sana: pale dawa imeendelea kula ngozi kwa zaidi ya miaka 250. Vile vifundo vya mgongoni ni kamba zenyewe ambazo karatasi zimeshonewa, ngozi imevutwa juu yake. Na ujue kwamba siku hizo kitabu kwa kawaida hakikuuzwa na kava ya kudumu. Ulinunua karatasi zimeshikizwa tu, ukampelekea fundi wako, akakufungia kulingana na mfuko wako, ndio maana vitabu viwili vya mwaka mmoja na mchapishaji mmoja, kimoja utakikuta kwa ngozi ya kondoo ya bei rahisi inayobambuka na kingine kwa ngozi nyekundu ya mbuzi imejaa dhahabu na nembo ya ukoo wa mtu, na kwa bei havikaribiani hata kidogo.

Kabla hujauza wala kugawa, hakikisha hakuna karatasi iliyong'olewa. Chini ya kurasa utaona herufi A, Aij, Aiij, halafu B na kuendelea. Hizo zilikuwa za kumwongoza fundi apange karatasi. Zifuate hadi mwisho, ila J haiko, W haiko, na U na V zinahesabiwa moja, kwa hivyo ukitoka I ukaingia K usiogope. Na ile herufi inafanana na f katikati ya maneno ni s, Kifaransa chako hakina shida.

Nilinunua kakitabu ka Kifaransa kanaingia mfuko wa shati, ngozi ya ndama, kingo za karatasi zina dhahabu. Aliyeniuzia alisema ni cha Ufaransa lakini ndani imeandikwa A Londres, 1781. Nimeuziwa feki? (Section 58, Nakuru)

Hapana ndugu yangu. Uwongo uko ndani ya kitabu chenyewe tangu siku kilipochapwa, na mimi kwa hizi vitabu hapa ndipo napapenda zaidi.

Ufaransa ya wafalme ilikuwa na wakaguzi, na kitabu ambacho hakijapata ruhusa kilikuwa kinaweza kukamatwa, kuchomwa, na mwenye kukichapa kufungwa. Sasa wachapishaji wakawa wanaandika mji wa uwongo kwa ukurasa wa jina. Londres, Amsterdam, Genève, La Haye. Wengine kweli walichapia nje, wengine walikuwa pale pale Paris au kwa mji mwingine wa Ufaransa. Ukikuta kitabu kimeandikwa Cologne, chez Pierre Marteau, usimtafute huyo bwana, hakuwahi kuishi, ni jina lilibuniwa miaka ya 1660 na wachapishaji tofauti tofauti wakalitumia kwa miaka mingi baadaye. Hata ile Encyclopédie kubwa, yaani ensaiklopidia, ya Diderot na d'Alembert, iliyoanza 1751, mwaka 1759 serikali iliifutia ruhusa, na juzuu kumi za mwisho za maandishi zilipotoka zikaandikwa Neuchâtel kule Uswisi ilhali zilichapwa Paris. Mwandishi Voltaire naye alitoa hadithi yake Candide mwaka huo huo wa 1759 bila jina lake, kimeandikwa eti kimetafsiriwa kutoka Kijerumani cha daktari fulani Ralph.

Cha kwako, kwa udogo huo, na ndama, na dhahabu kwa kingo, na Londres ya 1781, kinafanana sana na vile vya Hubert-Martin Cazin, muuza vitabu wa Reims aliyeishi 1724 hadi 1795. Alipenda vitabu vidogo vya mfukoni na mji wake wa kuandika mara nyingi ulikuwa Londres. Wengine wakamwiga, hadi vitabu vidogo vya aina hiyo vikawa vinaitwa cazin tu. Angalia jalada la mbele, kama kuna mistari mitatu myembamba ya dhahabu imezunguka pembeni basi uko karibu kabisa.

Unataka kujua feki inakaaje? Kuna wachapishaji wa Ufaransa wa karne ya 20 waliochapa upya vitabu vya zamani wakavifunga kwa ngozi au kitu kama ngozi, dhahabu imejaa jalada lote inang'aa, na hapo kwao haikuwa ulaghai, waliuza kama vitabu vipya vya kupendeza. Ulaghai unakuja kikifika kwa mtu wa hapa akaambiwa ni cha 1750. Fungua kurasa za mwisho usome maandishi madogo, mwaka wa kweli huwa uko huko. Na shika karatasi moja uielekeze kwa mwanga. Karatasi ya 1781 ilitengenezwa kwa mkono kutoka matambara, utaona mistari ya ule wavu wa kutengenezea, mingine imekaribiana na mingine iko mbali mbali, na ukibahatika utaona alama ya kiwanda imejificha ndani, zabibu, taji, kitu kama hicho.

Mwandishi salamu. Marehemu mume wangu aliniachia vitabu vya Kifaransa vya miaka ya 1880, mgongo na pembe ni ngozi. Kila nikivishika nabaki na unga mwekundu kwa mikono, hata gauni limeharibika. Shemeji anasema nipake mafuta ya kujipaka, fundi viatu anasema polishi ya kahawia. Nifuate nani? (Mama Wawili, Milimani, Kisumu)

Pole sana Mama kwa kuondokewa. Tafadhali usimfuate yeyote kati ya hao wawili, na usipake kitu chochote kabla hujamaliza kusoma hapa.

Hiyo ni ngozi inaoza, na huo uozo mwekundu unajulikana dunia nzima. Ngozi ya vitabu ilikuwa inapikwa kwa magome ya miti, na ile ya nusu ya pili ya karne ya 19 hasa ilipikwa haraka haraka na kwa vitu vikali kuliko ya zamani. Halafu vitabu vikakaa kwa vyumba vya mijini Ulaya, taa za gesi, moshi wa makaa ya mawe, hewa ina salfa, ngozi ikainyonya, ikageuka asidi ndani yake. Nyuzi za ngozi zinakatika katika mpaka inakuwa unga. Ndio maana kitabu cha 1762 cha yule kijana wa Njoro kinaweza kuwa kizima kuliko cha kwako cha 1880, watu hufikiria ni umri na wala sio umri.

Uozo huo haurudi nyuma. Mafuta ya kujipaka yanaingia ndani ya ngozi yanatokea upande wa pili kwa karatasi, yanaacha doa la milele, halafu yanashika vumbi na kulisha kuvu. Polishi ya viatu ina rangi na nta, unga utashikana uwe ukoko na siku ukipasuka unaondoka na jina la kitabu. Maji ndio mabaya zaidi, ngozi iliyooza ikipata maji inageuka nyeusi na ngumu papo hapo. Hata maktaba kubwa za Ulaya zilikuwa zinapaka vitabu mafuta ya kondoo na ya kwato za ng'ombe kwa miaka mingi, siku hizi wameacha, wameona yanadhuru kuliko kusaidia.

Wanachotumia mafundi wa maktaba kinaitwa Klucel G, ni unga unayeyushwa kwa spiriti safi, kidogo sana, unapakwa kwa brashi laini unashikanisha ile ngozi isiendelee kumwagika. Unaweza kuifanya ngozi iwe nyeusi kidogo, kwa hivyo unajaribiwa kwanza kwa pembe isiyoonekana. Sio kazi ya kujifunzia kwa kitabu cha marehemu. Kwa sasa fanya hivi: kila kitabu kivalishe koti la karatasi nyeupe safi isiyo na asidi, au ile plastiki ngumu angavu ya poliyesta (sio ile laini ya kufungia vitabu vya shule inayonata), ili unga usimfikie jirani yake. Vile vilivyoachia jalada vifunge kwa utepe wa pamba, usitumie raba, raba inayeyuka inabaki kwa ngozi. Na ukitaka kukitoa kwa rafu usivute kwa kofia, yaani ule ukingo wa ngozi juu ya mgongo, hapo ndipo huraruka kwanza. Sukuma vitabu vya pembeni nyuma kidogo, shika katikati, toa.

Ni lazima nivae glavu nyeupe nikisoma? Naona kwa filamu wanavaa. (Kisii)

Hapana. Nawa mikono, kausha kabisa, usipake losheni, soma. Glavu za pamba zinakufanya usisikie karatasi na unairarua. Ila kama kitabu kinatoa ule unga mwekundu hapo juu, glavu za mpira za hospitali ni sawa, kwa ajili ya mikono yako.

Mimi nakaa Dunga, karibu na ziwa. Vitabu vyangu vya ngozi vimeota kitu cheupe na vinanuka, halafu kuna kamdudu kanatoboa mashimo. Niliviweka juani siku nzima jalada likajikunja. Nifanye nini? (Msomaji wa Dunga, Kisumu)

Jua usirudie. Linachoma rangi ya ngozi na kukausha upande mmoja, ndio maana jalada limejikunja.

Una shida mbili na dawa zake ni tofauti. Kile cheupe ni kuvu, na kuvu inataka unyevu, ikipita asilimia 65 hadi 70 ndani ya chumba inaanza kuota, na huko kwenu msimu wa mvua ndefu Machi hadi Mei chumba kilichofungwa kinapita hapo bila shida. Nunua kale kamashine ka kupima unyevu, sio ghali, ukaweke kwa rafu yenyewe na sio ukutani mbali. Ukiweza kukaa kati ya asilimia 40 na 55 ni vizuri sana, lakini kwa Kisumu mimi nitafurahi ukibaki chini ya 60 na isiwe inapanda na kushuka kila siku, kwa sababu huko kupanda na kushuka ndiko kunavuta ngozi. Rafu isiguse ukuta wa nje, acha nafasi ya mkono mmoja nyuma hewa ipite, na vitabu visibanwe. Vyenye kuvu vitenge na vingine, viweke chumba kikavu chenye feni (isipige moja kwa moja), subiri mpaka ile nyeupe ikauke iwe unga, ndio utoke nje na barakoa na brashi laini ufagie ukielekeza mbali na wewe. Jiki na siki hazina kazi hapa.

Kamdudu sasa. Kama mashimo ni ya duara na kuna unga mpya chini ya kitabu asubuhi, ni mabuu ya mbawakawa wadogo wa vitabu na bado wako kazini. Kama mashimo ni ya zamani na hakuna unga, walikufa labda kabla ya babu yako kuzaliwa, acha. Walio hai unawaua kwa friza. Hakikisha kwanza kitabu ni kikavu, kifunge kwa karatasi, tia kwa mfuko wa plastiki, ondoa hewa, ziba kabisa. Friza ya nyumbani ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri kiache wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko mpaka siku nzima ipite, la sivyo maji ya baridi yataota juu ya ngozi. Friza haiui kuvu, inailaza tu. Dawa ya kupuliza mende usiipulizie kitabu. Na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa jioni, fagia maiti zao kila siku nyuma ya rafu kwa sababu wadudu wanaokula ngozi huanzia kwa vitu kama hivyo. Rafu ya chuma ni bora huko kwa ajili ya mchwa.

Kuna fundi mzuri wa viatu hapa mjini anasema ataondoa hiyo ngozi kuukuu aniwekee mpya kwa bei poa. Nimkabidhi? (Nakuru mjini)

Usimkabidhi. Simdharau fundi, kwa viatu huenda hana mpinzani. Lakini ngozi ya viatu nyingi imepikwa kwa kromu, haikubali kukunjwa nyembamba vile kitabu kinataka wala kupigwa dhahabu, na gundi yake ya viatu ikishashika haitoki tena. Fundi wa vitabu anatumia uji wa wanga wa ngano kwa sababu mtu atakayekuja baada ya miaka mia anaweza kuulainisha kwa maji akafungua. Na ukishaondoa kava ya karne ya 18 ukaweka ya mwaka huu umeondoa nusu ya kitabu, hata kama jalada lilikuwa limeachia. Vipande vilivyobanduka viweke kwa bahasha ndani ya boksi pamoja na kitabu, hata kile kidogo chenye herufi moja. Kutengeneza boksi la kadi ngumu linalotosha kitabu ni kazi ambayo huyo huyo fundi wako anaweza kuifanya vizuri sana, mpe hiyo.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa Kakamega. Nataka kuanza kukusanya lakini mshahara ni ule unaujua. Nianze na gani? (Mwalimu, Kakamega)

Mwalimu, wewe una kitu wengi hawana, unaweza kuvisoma. Basi usinunue ngozi, nunua kitabu. Naona watu wanalipa pesa nyingi kwa mgongo mzuri wa dhahabu, ndani ni juzuu ya tatu ya kitu ambacho hawatakifungua maisha yao yote.

Ningekuwa wewe ningekusanya kile Wafaransa waliandika kuhusu huku kwetu. Yuko Charles Guillain, nahodha wa jeshi la majini, alizunguka pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848 akachapa Paris kuanzia 1856 juzuu tatu pamoja na albamu ya picha. Seti nzima ni ya matajiri, hiyo tuseme ukweli. Lakini yuko Élisée Reclus, jiografia yake ya dunia nzima ni juzuu 19, zilitoka 1876 hadi 1894, zilichapwa nyingi na mara nyingi utazipata zimefungwa nusu ngozi, mgongo na pembe. Tafuta ile ya 10, ya 1885, bonde la mto Nile, humo kuna Nyanza na nchi za maziwa vile zilijulikana Ulaya kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Kwa kuwa wengi wanataka seti kamili, juzuu moja iliyobaki peke yake huwa inauzwa kwa bei ya kubebeka, na kwako huo upungufu ni faida. Halafu padre Charles Sacleux, aliyetoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891 na ile kubwa ya Kiswahili na Kifaransa kati ya 1939 na 1941. Hizo zikiwa na ngozi ujue kuna mtu alizifungisha baadaye, na sio kasoro.

Kabla ya kununua soma bure. Maktaba ya taifa ya Ufaransa ina Gallica kwa intaneti, tangu 1997, unafungua hata kwa simu, unalinganisha ukurasa wa jina na idadi ya picha na ramani na kile muuzaji anakuambia. Wauzaji wa kule wana lugha yao na wewe hutasumbuka sana: veau ni ndama, basane ni kondoo, maroquin ni mbuzi ambayo ndiyo hudumu, demi-reliure ni nusu ngozi. Ukiona mors fendus jua kiungo cha jalada kimepasuka, mouillures ni alama za maji, rousseurs ni madoadoa ya kahawia kwa karatasi, dépareillé ni kitabu kimepotezana na seti. Simili-cuir sio ngozi. Mwombe picha za mgongo, kofia ya juu na ya chini, ukurasa wa jina na kila ramani ikiwa imekunjuliwa, kwa sababu ramani ndizo huchanwa zikauzwa kando. Uliza uzito pia, kutuma kitabu kimoja kikubwa kunaweza kukushinda kuliko bei yake.

Na ukija Nairobi ingia Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue. Joseph Murumbi, mtoto wa Eldama Ravine aliyezaliwa 1911 na kuwa makamu wa rais mwaka 1966, alikusanya maisha yake yote, na vitabu vyake zaidi ya 8,000 vilivyochapwa kabla ya 1900 viko hapo, aliviuza kwa serikali yetu ili visitoke nchini. Mwalimu, nenda na wanafunzi. Waone kwamba mtu wa huku kwetu alikusanya, na alijua anakusanya nini.

Nimeuziwa sokoni kitabu kizuri cha Kifaransa cha ngozi kwa mia tatu. Ndani kina muhuri wa maktaba ya seminari moja. Naweza kuufuta na kukiuza? (Bungoma)

Usiufute, na usikiuze bado. Muhuri ni historia ya kitabu, ukiukwangua unaharibu karatasi na mnunuzi yeyote anayejua ataona na atajiuliza unaficha nini. Maktaba zikiondoa vitabu kihalali kwa kawaida hupiga muhuri wa pili au kuandika kwamba kimeondolewa, tafuta hiyo alama kwa jalada la ndani na ukurasa wa jina. Usipoiona, piga picha ya muhuri na ukurasa wa jina uitumie seminari yenyewe na uwaulize. Wakikuambia walikiondoa, waombe barua fupi, ikae ndani ya kitabu. Wakisema kiliibwa, wapelekee, na umwambie aliyekuuzia kwa nini.